Maswali kwa Fundi: Boti ya rimoti inapaa na kupinduka, niongeze betri?

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Mimi ni Mkenya, naishi Renton, jimbo la Washington, Marekani. Nilimnunulia kijana wangu boti ya rimoti aina ya haidroplani, iliyokwisha tumika. Ina urefu wa sentimita 75, mota isiyo na brashi ya Kv 2000, kidhibiti mwendo cha ampea 60, na betri mbili za lipo (lithiamu-polima) za seli 2 zilizounganishwa mfululizo, kila moja mAh 5000 (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Propela ni ya alumini, milimita 42. Maji yakitulia inakwenda vizuri, lakini ikishachanganya kwenye mstari ulionyooka pua inanyanyuka na boti inapinduka kinyumenyume. Kwenye kona ya kulia inarukaruka na kuteleza upande. Baada ya dakika tatu kidhibiti hakishikiki kwa moto. Wenzangu ninaokutana nao ziwani wanasema nipande hadi seli 6, ndipo nitaona mwendo. Wewe wasemaje, na nianzie wapi?
Baba Kijana, Renton

JIBU: Salaam, Baba Kijana. Betri za seli 6 ziache dukani. Boti yako tayari ina nguvu ya kujirusha hewani. Inachokosa ni kukaa vizuri juu ya maji, na ukiiongezea nguvu kabla ya hapo itapinduka mapema zaidi.

Piga hesabu pamoja nami. Seli 4 za lipo ni volti 14.8. Kv 2000 maana yake ni mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti, kwa hiyo bila mzigo mota yako inafika 29,600. Seli 6 ni volti 22.2, nayo inakupa 44,400. Mizunguko imepanda mara moja na nusu, lakini nguvu ambayo propela inadai majini hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: 1.5 mara 1.5 mara 1.5, yaani zaidi ya mara tatu. Umeme unaopita kwenye kidhibiti utazidi maradufu, na hicho kidhibiti ndicho unachoniambia hakishikiki hata sasa. Soma pia kibandiko chake uone kinaruhusu seli ngapi. Siku ukitaka seli 6 kwa dhati, nunua na mota ya Kv 1400 hivi. Hapo utarudi kwenye mizunguko elfu 31, na kwa nguvu ileile umeme utakaopita ni mdogo zaidi. Hiyo ni safari ya baadaye.

Sasa tuione boti yenyewe. Haidroplani ikishakimbia haielei tena. Inagusa maji mahali patatu tu: visigino (ncha za nyuma) vya sponsoni mbili za mbele (viboya vya pembeni), na nusu ya chini ya propela. Tumbo lote lililobaki liko hewani. Wewe unaishi kando ya ziwa ambako umbo hili lilionyesha uwezo wake mbele ya dunia nzima. Tarehe 26 Juni 1950, boti ya Slo-mo-shun IV, iliyobuniwa na Ted Jones na kumilikiwa na Stanley Sayres, ilikimbia Lake Washington kwa maili 160 kwa saa, yaani karibu kilomita 258. Rekodi ya dunia ya mwendo majini iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa maili 141 za Sir Malcolm Campbell, iliyodumu tangu 1939. Injini ilikuwa kubwa, Allison ya ndege za kivita, lakini siri ilikuwa shetri (sehemu ya nyuma) ya boti ile kubebwa na propela iliyozama nusu tu. Leo imening'inizwa ndani ya jumba la makumbusho la MOHAI, hapo Seattle. Mpeleke kijana, msimame chini yake mtazame tumbo na sponsoni. Mtajifunza kwa macho yale ambayo mimi nitahangaika kuyaeleza kwa maneno.

Jambo moja msiliige. Boti kubwa za mashindano huko kwenu huzunguka kinyume cha saa, zinakata kona kushoto, na pezi lao la kona, bapa linaloshika maji boti isiteleze, limefungwa kwenye sponsoni ya kushoto. Boti za rimoti zikishindana huzunguka kufuata saa. Pezi letu liko kulia.

Kwa nini yako inapaa? Pua ikinyanyuka kidogo tu, hewa inaingia chini ya tumbo na kulisukuma juu, kama upepo unavyong'oa bati lililolegea. Ikishaanza hakuna kona wala usukani wa kuirudisha. Donald Campbell, mwana wa huyohuyo Malcolm, alifariki hivyo tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa la Coniston, Uingereza, Bluebird K7 yake ikiwa imepita maili 300 kwa saa. Kwako hasara ni kifuniko kilichovunjika, lakini hewa ni ileile na kanuni ni ileile.

Anzia mezani, si ziwani. Tafuta kioo kinene kilicholala sawa. Toa propela na usukani, weka boti juu ya kioo ikisimama kwa visigino vya sponsoni na mguu wa shafti. Mguu huo, ndio unaobeba propela, ulale sambamba na kioo, nyuzi sifuri. Kisha pima pembe ya matumbo ya sponsoni kwa kipima pembe cha kidijitali, vile vidogo vya maseremala. Mimi huanzia nyuzi 3. Pima kulia, pima kushoto. Zikitofautiana umekwisha kupata ugonjwa mmoja, kwa sababu sponsoni moja inanyanyua kuliko nyingine na boti itakimbia imelala upande.

Pitisha kidole kwenye kingo za chini za sponsoni. Boti nyingi za kiwandani zina kingo zilizoviringika, kwa kuwa ndivyo zinavyotoka kwenye kalibu. Maji hayataki ukingo wa mviringo. Yanaung'ang'ania, yanapanda ubavuni, yanaivuta boti. Jaza ukingo kwa gundi ya epoksi, iache ikauke kabisa, kisha bandika msasa namba 220 juu ya kioo usugue tumbo la sponsoni hadi ukingo uwe mkali na tumbo liwe bapa. Malizia na 400. Kazi hii ni gundi kidogo na jioni moja ya subira, na hakuna kifaa cha kununua kinachoizidi kwa faida. Naisisitiza kwa sababu ndiyo kazi ambayo karibu kila mtu anairuka.

Halafu uzito. Rudisha kila kitu, na betri zake, uinyanyue boti kwa vidole viwili, kimoja kila upande, hadi ikae mlalo. Mahali vilipo vidole ndipo kitovu cha uzito. Kwa boti yenye urefu kama yako anzia sentimita 3 nyuma ya visigino vya sponsoni. Inayopinduka kinyumenyume mara nyingi uzito wake uko nyuma kupita hapo. Sogeza betri mbele sentimita moja, kakimbize, tazama. Bado inanyanyua pua? Shusha mguu wa shafti milimita moja. Ukiushusha, propela inakwenda chini na shetri inapanda, hivyo pua inainama. Ukiupandisha, shetri inakaa chini na pua inakuwa nyepesi. Ukizidisha kushusha, boti itaanza kunyonya maji kwa pua na mwendo utapungua. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na mwandikishe kijana kwenye daftari. Mkibadilisha viwili pamoja hamtajua kipi kiliponya.

Nakuja kwenye propela, na hapa nitakaa. Kazi yangu ya mchana hapa Mwanza ni injini za kupachika za wavuvi. Mtu akija kulalamika injini imeishiwa nguvu, kitu cha kwanza ninachoinamia ni propela, kwa sababu mawe ya ziwa hili yanakunja chuma ukiwa hujui. Boti yako ndogo haitofautiani. Propela ya alumini iliyokuja nayo hujikunja ikigusa changarawe mara moja, na panga moja (bawa la propela) likiwa na pembe tofauti na lenzake unapata mtetemo, moto na beringi zilizoliwa.

Watu wa boti hizi wengi hutumia propela za Octura. Jina lake lisome hivi: X442, ile 4 ya kwanza inakuambia hatua ni mara 1.4 ya kipenyo, na 42 ni kipenyo kwa milimita. Hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kwa hiyo X442 ina hatua ya milimita 58.8. Mota yako ikibeba mzigo chukua asilimia 80 ya mizunguko, karibu 23,700 kwa dakika. Zidisha kwa hatua, unapata mita 1,393 kwa dakika, kilomita 83 na nusu kwa saa. Toa asilimia 15 ya mteleze: kilomita 71. Ndugu yangu, hizo kilomita 71 zimo ndani ya betri ulizonazo leo. Funga kipima mwendo kidogo cha GPS ndani ya boti uone unapata ngapi. Tofauti kati ya utakachosoma na 71 ndiyo kazi iliyobaki, na kazi hiyo haiko kwenye betri.

Kwa ule moto wa kidhibiti ningejaribu X440 kwanza. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini mzigo wa propela hufuata kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka 42 kwenda 40 unapunguza mzigo kwa zaidi ya moja ya tano, na mwendo wa hesabu unapungua asilimia 5 tu. Mara nyingi hata hiyo 5 inarudi, kwa kuwa mota iliyopunguziwa mzigo inazunguka karibu zaidi na kasi yake.

Propela hizo huja butu. Inabidi zinolewe na kusawazishwa. Noa ukingo wa mbele wa panga kwa kusaga upande wa mgongo, ule unaotazama boti, wala usiguse uso unaosukuma maji. Kusawazisha, ipitishe kwenye kipande cha shafti kilichonyooka, ilaze juu ya nyembe mbili zilizosimama sambamba, panga zito litashuka lenyewe. Lipunguze kwa mgongoni, kidogo kidogo, hadi propela isimame popote utakapoiacha. Sasa nisikilize vizuri. Propela hizo ni za shaba iliyochanganywa na berili. Vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu, na ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa. Saga kwa msasa wa maji huku ukilowesha muda wote, vaa barakoa ya vumbi jembamba, futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie. Usifanyie jikoni, na kijana asikae karibu. Kama huwezi kufuata hayo, nunua iliyokwisha kunolewa na mtu mwenye vifaa. Wapo wanaouza.

Shafti yako ya waya nayo ichomoe uitazame. Ikizungushwa chini ya mzigo hujikaza na kufupika, kwa hiyo kati ya kishikio cha propela na mguu wa shafti acha nafasi ya milimita 3 au 4. Ikikosekana, propela inausugua mguu, na hapo kuna umeme mwingi unaogeuka kuwa joto bure. Paka grisi isiyoogopa maji kila siku unayokimbiza. Ukiizungusha kwa mkono ukasikia pahala inashika, kaplingi, kiungo cha shafti, haijanyooka na mota.

Maji ya kupoza: puliza kwenye bomba dogo kwa mdomo, hewa itoke upande wa pili bila kukwama. Boti ikikimbia lazima uone ule mchirizi ubavuni. Mota na kidhibiti vikiwa kwenye bomba moja, vitenganishe, kila kimoja kivute maji yake. Na nyaya za kutoka betri hadi kwenye kidhibiti ziwe fupi kadiri inavyowezekana. Kama lazima urefushe, refusha zile tatu za kwenda kwenye mota. Nyaya ndefu upande wa betri huzipiga kapasita za kidhibiti hadi zinavimba, na watu wanadhani wameuziwa kifaa kibovu.

Muda wa kukimbia ni rahisi. Kwenye mAh 5000 tumia asilimia 80, yaani 4000. Kwa wastani wa ampea 60 hizo ni dakika 4 kamili. Weka saa ya rimoti dakika 3, urudi ufukweni, uweke kiganja juu ya betri, mota na kidhibiti. Kisichoshikika kina jambo la kukuambia.

Kona sitaichelewesha. Tazama pezi la kulia: liwe limenyooka na mstari wa katikati wa boti, ukingo wake wa mbele uwe mkali, na kishikio chake kisitingishike hata ukikivuta kwa nguvu. Kurukaruka kwa kona nyingi hutokana na kishikio kilicholegea. Punguza pia mwendo wa usukani kwenye rimoti. Hizi boti zinataka usukani kidogo tu, na gesi ipunguzwe kabla ya kuingia konani.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninasoma ufundi wa umeme hapa Kisumu. Nimejenga haidroplani ya plaiwudi kwa picha tu, ina mota ya brashi ya saizi 540, na inaenda polepole sana. Nataka niweke mota isiyo na brashi. Betri nina seli nyingi za laptopu zilizokufa, na shafti nataka nitumie waya wa spidomita ya bodaboda. Nitafanikiwa?
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuona umejenga kabla ya kuomba pesa. Plaiwudi ya milimita 3 iliyopakwa epoksi vizuri ndani na nje inatosha kabisa. Hata kubadilisha mota ni wazo jema. Ila hizo seli za laptopu nakushauri uziache, na nikueleze kwa nini usije ukadhani ninakukatisha tamaa.

Seli ya laptopu imeundwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi. Ukiilazimisha zaidi ya ampea 4 au 5 inapata joto, volti zinaanguka, na iliyochakaa inaweza hata kushika moto. Chukua mota ndogo inayotaka ampea 40. Utahitaji seli 10 sambamba, kila moja itoe 4. Ili upate seli 3 mfululizo, ni seli 30. Seli moja ina gramu 45 hivi, kwa hiyo umebeba gramu 1,350 za betri. Lipo moja ya seli 3, mAh 5000, ina uzito wa karibu gramu 400 na inatoa umeme huo bila kutoa jasho. Haidroplani ni vita dhidi ya uzito. Kilo nzima ya ziada haitanyanyuka juu ya maji hata ukiweka mota ya aina gani. Ingekuwa boti ya kubeba kamera ya kutazama samaki, ningekuambia tumia hizo seli kwa raha zako.

Waya wa spidomita hapana. Ulitengenezwa kuzungusha sindano ya kipima mwendo, ni mwembamba na mlegevu. Kwenye mizunguko elfu ishirini na kitu utajipiga ndani ya bomba mpaka ukatike, au ulipasue bomba lenyewe na maji yaingie. Nunua shafti ya waya halisi ya milimita 3.8 au 4.7, pamoja na mguu wake. Hivyo ndivyo vitu vya kutumia pesa yako ndogo, kwa sababu havina mbadala wa mtaani. Vinavyobaki unavyo hapohapo. Bomba la shafti unaweza kulipata kwa mafundi wa friji, chagua la kipenyo kinachoacha nafasi ya mrija wa tefloni ndani. Grisi chukua ile ya injini za kupachika. Boya la ndani kata ndala zilizochakaa, kama wavuvi wanavyofanya kwenye nyavu, uzishindilie kwenye pua na pembeni ya shetri mpaka boti iliyojaa maji iendelee kuelea. Lijaribu hilo kwenye karai kabla hujaweka hata waya mmoja. Betri na mota vikizama ziwani hutavipata.

Unapopiga solda ya plagi za betri tumia pasi nzito, ya wati 80 au zaidi. Pasi ndogo ya redio haitapasha plagi kubwa moto wa kutosha, solda itakaa juu kwa nje tu, na mahali hapo patawaka moto siku ya kwanza utakayovuta gesi yote. Rimoti ya 2.4 GHz ni nzuri, lakini mawimbi yake hayapiti majini, kwa hiyo antena ya kipokezi isimame juu ya sitaha ndani ya mrija. Na kabla ya yote weka ulinzi wa kupoteza mawasiliano: zima rimoti boti ikiwa mkononi, mbali na propela, uone mota inasimama. Isiposimama usiiweke majini.

Kuhusu mahali. Ghuba yenu ya Kisumu ina magugumaji, na uzi mmoja wa mzizi ukijizungushia propela, mota inakwama na kidhibiti kinaungua kwa sekunde chache. Tafuta bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe atakubali asubuhi kabla ya wateja, au bwawa la samaki lililo safi. Na boti ikikwama ziwani usiifuate kwa miguu. Maji ya ukingoni, hasa yenye majani, ndiyo yenye konokono wa kichocho, na mamba na viboko hawatangazi ujio wao. Beba ndoano ya kuvulia, funga boya dogo mwisho wa mshipi, lirushe ng'ambo ya boti uivute polepole. Vinginevyo mwombe mwenye mtumbwi. Boti utajenga nyingine.

Andika tena ukishaiweka majini. Nataka kujua ilikaaje, na kitovu cha uzito kiliangukia wapi.

SWALI: Assalaam alaykum Fundi. Nipo Muscat, nyumbani ni Unguja. Boti yangu naikimbiza baharini, na kila wiki naona vyuma vinapata unga mweupe. Pia nataka kwenda nayo nyumbani likizo. Betri wataniruhusu kwenye ndege? Ni mbili za seli 2, mAh 5000.
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Unga mweupe ni alumini inayoliwa na chumvi, na inaliwa haraka zaidi pale ilipogusana na skrubu za chuma cha pua. Ukitoka majini, hapohapo ufukweni, mimina maji baridi yasiyo na chumvi juu ya mguu wa shafti, usukani na pezi, na yapitishe pia ndani ya mabomba ya kupoza kwa bomba la sindano la hospitali. Chomoa shafti, ifute, ipake grisi upya. Ukiiacha ndani na chumvi hadi kesho yake itakuwa imeshika kutu katikati, na itakukatikia siku usiyotarajia. Skrubu zitoe mara kwa mara, zipake grisi, zirudishe. Beringi za mota zidondoshee mafuta mepesi baada ya kila siku ya bahari. Maji ya huko kwenu kiangazi ni ya moto tangu hayajaingia kwenye bomba, hayapozi sana. Weka propela ndogo kuliko ya mtu wa maji baridi, na ukimbize alfajiri.

Betri za ndege zihesabu kwa wati-saa: volti mara ampea-saa. Zako ni 7.4 mara 5, yaani 37 kila moja. Chini ya 100 huhitaji kibali cha shirika, ila soma masharti yao kuhusu idadi. Betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, lazima ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Ziba kila plagi kwa utepe, weka kila betri kwenye mfuko wake usioshika moto, na wakikuuliza uzionyeshe bila kusita, maandishi ya volti na mAh yasomeke. Usisafiri nazo zikiwa zimejaa. Chaja yako ina sehemu ya kuhifadhi, itazishusha hadi volti 3.8 kwa kila seli. Hiyo ndiyo hali ya kuziacha hata nyumbani, kama hutazitumia kwa siku kadhaa. Iliyovimba usiifunge safari. Ukifika Unguja, zichaji juu ya sakafu ya saruji, kwa ampea 5 na si zaidi, ukiwa umekaa nazo chumba kimoja.